Meza ya kazi isiyocheza: mwongozo kwa fundi anayeanza

Kila baada ya wiki chache kijana anafika karakanani, au ananitumia picha kwa simu, na swali ni lilelile: "Fundi, meza yangu inacheza, nifanyeje?" Picha nayo ni ileile. Miguu minne ya mbili kwa mbili, misumari ya inchi nne iliyopigwa ikapinda, na jiliwa, yaani kile chuma cha kubania kazi, limefungwa katikati kabisa ya mbao, mahali pabaya kuliko pote. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja.

Sikucheki. Meza yangu ya kwanza hapa Morogoro ilikuwa hivyohivyo. Nikipiga randa, inatembea. Asubuhi iko dirishani, jioni iko mlangoni. Chai nilikuwa naiweka sakafuni, maana juu ya meza ilimwagika kabla sijaigusa.

Nadharia nitakupa moja tu, kisha tufanye kazi. Uzito hauiui meza ya fundi. Kinachoiua ni nguvu ya kwenda na kurudi: randa, msumeno, tupa, kukaza na kulegeza jiliwa. Msumari umeshikwa na mbao kwa kubanwa tu, na kila unaposukuma, tundu lake linatanuka kidogo. Kwa hiyo kwenye meza hii mzigo utakaa mbao juu ya mbao, na bolti kazi yake itakuwa kukaza. Msumari hata mmoja hatutautumia.

Vipimo vya meza tunayotengeneza

Urefu sm 150, upana kama sm 58, kimo sm 85. Kimo usinakili kwangu. Simama wima umevaa viatu unavyovaa kazini, acha mikono ining'inie, kisha mtu akupimie kutoka sakafuni hadi kwenye kiungo cha kiganja. Hicho ndicho kimo chako kwa kazi ya randa. Ukifanya zaidi kazi ya tupa na vyuma vidogo kwenye jiliwa, ongeza sm 5 hadi 8. Meza fupi mno utaijua kwa kiuno, na kiuno hakina spea.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Mbao:
- 2×4 za futi 12, vipande 5. Vinne na kidogo vitatumika, kinachobaki ni akiba na kitakuwa na kazi baadaye.
- 2×6 za futi 12, vipande 2, kwa ajili ya juu.
- 1×8 ya futi 12, kipande 1, kwa rafu ya chini.

Vyuma:
- Bolti za mm 10, urefu wa inchi 5, vipande 16, pamoja na nati zake.
- Fimbo za nyuzi za mm 10, urefu wa mita 1, vipande 3, pamoja na nati 32.
- Washa pana za mm 10, vipande 64. Muuzaji atakupa zile ndogo, mrudishie.
- Skrubu za inchi 3, kama 50, na za inchi 2 kwa ajili ya rafu.
- Kona za chuma 8 na skrubu fupi za mm 30.

Zana: msumeno wa mkono, randa, patasi ya inchi 1, nyundo, drili yenye biti ya mm 10 iliyo ndefu (angalau sm 20) na biti ndogo ya kutangulizia skrubu, spana mbili namba 17, skwea, pimamaji, futi ya kupimia, penseli, klampu mbili au zaidi, gundi nyeupe ya mbao, msasa namba 80. Klampu huna? Kamba imara na kijiti cha kuisokota vitakubania miguu vizuri tu.

Kuhusu mbao, hapa usiharakishe

Paina ya Sao Hill, shamba la miti la kule Iringa, inatosha kabisa. Ni nyepesi, inakatika vizuri, inapatikana karibu kila yadi. Mlingoti ni mzito na mgumu zaidi, nami naupenda kwa meza, ila ukiwa mbichi unajisokota ukikauka mpaka unashindwa kuutambua. Mninga weka kwa mteja. Kufanya meza ya kugongea nyundo kwa mninga ni kuvaa suti shambani.

Yadini usikubali kuchaguliwa. Inua kila mbao, funga jicho moja, tazama kutoka ncha moja hadi nyingine kama unayelenga manati. Iliyopinda kama upinde, iache. Iliyosokotwa, yaani ncha moja imelalia kushoto na nyingine kulia, iache zaidi, kwa sababu hiyo hata randa haiwezi kuinyoosha ikabaki na unene. Fundo dogo lililoshikamana halina neno. Fundo jeusi linalocheza litadondoka.

Mbao mbichi ndiyo kosa linalorudiwa kuliko yote. Mbao inaponunuliwa ikiwa nzito na baridi mkononi, ina maji. Ipange chini ya paa, si juani, kila tabaka likitenganishwa na vijiti vyenye unene sawa, hewa ipite pande zote. Kata kipande kidogo ukipime kwa mizani ya dukani kila wiki. Siku kitakapoacha kupungua, anza kazi. Mimi sikusubiri, na masika yalipoisha mbao zangu za juu zilijikunja kama chapati iliyoachwa kwenye kikaango.

Mbao zenye dawa, zile za kijani, zinafaa kwa miguu kama una mchwa. Vaa barakoa ukizikata, na mabaki yake usiyatie jikoni kupikia.

Hatua kwa hatua

1. Piga randa mbao zote pande mbili pana, kiasi cha kuondoa meno ya msumeno wa yadi. Baada ya hapo 2×4 yako itakuwa na unene wa kama sm 4.5 na upana wa kama sm 9.5. Pima yako na uandike ukutani. Kuanzia hapa namba za yadini zimekufa.

2. Kata vipande. Miguu ya nje 4 ya sm 76 (kimo chako kikiwa si sm 85, ongeza au punguza hapa na kwenye vipande vya kati kwa kiasi kilekile). Vipande vya kati vya mguu 4 ya sm 42. Vipande vya chini vya mguu 4 ya sm 15. Reli ndefu 4 ya sm 130. Reli fupi 4 na mataruma 4, vyote sm 55. Vipande vinavyopaswa kulingana, vibane pamoja na uvikate kwa alama moja. Ukipima kimoja kimoja kwa futi, utapata miguu minne yenye vimo vinne.

Reli ni mbao zinazounganisha miguu, na mataruma ni mbao zitakazolala kukingama chini ya ubao wa juu. Ndiyo, kwenye treni yako chini ya reli, hapa yako juu yake. Utazoea.

3. Tengeneza miguu. Kila mguu ni mbao mbili zilizolaliana. Laza mguu wa nje, paka gundi, gandisha kipande cha sm 15 kikilingana na mwisho wa chini. Sasa chukua kipande cha reli yenyewe, kiweke kimesimama kwa upana wake juu ya kile cha sm 15, kisha sukuma kipande cha kati kikibane. Juu yake itabaki nafasi nyingine ya reli ya juu. Usipime pengo kwa futi. Reli ndiyo kipimo chako. Ikiingia kwa kugongwa kidogo na kiganja, umepatia. Ikiingia yenyewe na kuchezacheza, sogeza kabla gundi haijashika. Toa reli, banisha mguu, acha ukae usiku kucha.

Hapa ndipo siri ya meza hii ilipo. Reli itakalia bega la mbao, si bolti. Ukipanda juu ya meza na gunia la saruji, mzigo unashuka kwenye bega, unaingia sakafuni, bolti haijui kitu.

4. Unganisha fremu mbili ndefu, ya mbele na ya nyuma. Laza miguu miwili chini, mapengo yakitazama juu, ingiza reli ya chini na ya juu. Kabla ya gundi, pima kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, fremu imekaa mraba. Vikitofautiana, sukuma kona ile yenye kipimo kirefu mpaka vilingane. Skwea ndogo inadanganya kwenye fremu kubwa. Kona kwa kona haidanganyi. Ukiridhika, paka gundi, bana, pima tena.

5. Toboa kila kiungo matundu mawili ya mm 10, yakae kimshazari, moja juu kushoto na lingine chini kulia. Yakae sm 3 hivi kutoka ukingoni. Ukiyapanga kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao, mbao itapasuka hapo siku moja, na itakuwa siku ya kazi ya mteja. Weka kipande cha mbao mbovu upande biti inapotokea ili isichane uso. Pitisha bolti, washa pande zote mbili, kaza mpaka washa ianze kuzama kidogo. Basi. Ukiendelea kukaza unakula mbao.

6. Simamisha fremu zote mbili na uzifunge kwa reli fupi. Reli fupi zinakaa upande wa nje wa miguu, kwenye vichwa vya meza. Ya juu iweke chini kidogo ya usawa wa reli ndefu ya juu, na ya chini iweke juu kidogo ya usawa wa reli ndefu ya chini. Sababu ni kwamba bolti za reli ndefu tayari zinapita ndani ya mguu kutoka mbele kwenda nyuma. Ukitoboa kwenye usawa uleule kutoka ubavuni, biti itakutana na chuma. Utasikia mlio, utaona moshi, na biti ya mm 10 itakuwa imekuaga. Imenitokea mara mbili, ya pili nikiwa najua.

Kwa viungo hivi bolti ndefu za dukani ni shida kupata, ndiyo maana tumenunua fimbo za nyuzi. Pima unene wa mguu na reli kwa pamoja, ongeza sm 2, ndio urefu wa kila kipande. Kwangu ilikuwa sm 16, na fimbo moja ikatoa vipande sita. Kabla ya kukata, ingiza nati mbili kwenye fimbo na uzipitishe ng'ambo ya alama. Ukishakata, zitoe, zikitoka zinanyoosha nyuzi zilizoharibiwa na msumeno wa chuma. Kila kiungo vipande viwili, kimshazari kama awali, kimoja kipite kwenye mbao ya nje ya mguu na kingine kwenye mbao ya ndani. Hapa usitie gundi. Siku ukihama chumba utanishukuru, kwa sababu meza itagawanyika mbele na nyuma na kupita mlangoni.

7. Tengeneza juu. Kata 2×6 vipande vinne vya sm 150. Vipange kifudifudi sakafuni, uso mzuri ukitazama chini, vikiachana kwa unene wa kadi ya simu. Sikushauri kuvigandisha kwa gundi kwenye meza ya kwanza. Kugandisha kingo kunataka randa ndefu, klampu ndefu na mbao kavu kwelikweli, na ukikosa kimoja unapata ufa katikati. Mbao zilizoachana zinavimba na kunywea zenyewe bila kugombana, na moja ikichakaa unaibadilisha peke yake.

Laza mataruma manne juu yake kwa ubapa: mawili yaangukie pale miguu itakapokuwa, mawili yagawane nafasi ya katikati. Tangulizia matundu kwa biti ndogo, kisha kaza skrubu za inchi 3 kupitia taruma kuingia kwenye mbao za juu, mbili kwa kila makutano. Unene wote ni sm 9, skrubu ni sm 7.5, kwa hiyo haitokezi juu. Pima zako kabla ya kuniamini. Uzuri wake ni kwamba uso wa meza hautakuwa na chuma hata kimoja cha kulia kwenye bledi ya randa.

8. Geuza, pandisha juu ya fremu, sawazisha ukingo wa mbele ulingane na uso wa miguu ya mbele. Usiuache ukining'inia mbele. Ukilingana na miguu, utaweza kubana mlango au ubao mrefu wima dhidi ya meza nzima. Funga mataruma kwenye reli ndefu kwa kona za chuma, mbili kwa kila taruma, kwa upande wa ndani, ukitumia skrubu za mm 30.

9. Kata 1×8 vipande sita vya sm 55, vilaze juu ya reli ndefu za chini, vifunge kwa skrubu za inchi 2. Cha mwisho huenda ukalazimika kukichana kidogo ili kipite kati ya miguu. Weka huko vitu vizito: sanduku la zana, mabaki ya chuma, ndoo ya misumari uliyoapa kutoitumia. Uzito wa chini unasaidia meza kutulia.

10. Jiliwa. Liweke upande wa mguu wa mbele, shubiri moja hivi kutoka mguuni, si katikati na si kwenye ncha inayoning'inia. Wengi wanaotumia mkono wa kulia wanapenda liwe kushoto. Taya la nyuma, lile lisilosogea, litokeze mbele ya ukingo wa meza kwa unene wa sarafu, ili ubao mrefu ubanwe wima na kushuka hadi sakafuni bila kugonga meza. Toboa matundu kupita mbao yote, na chini weka bamba la chuma au kipande cha mlingoti kabla ya washa na nati. Jiliwa lililofungwa kwa skrubu ni jiliwa la kuazima.

11. Piga randa uso wa meza ukiwa umeshakaa mahali pake, kwanza kimshazari kisha kwa kufuata nyuzi, malizia kwa msasa. Paka mafuta ya kitani mara mbili. Vanishi usipake juu. Inateleza na kazi haikai. Onyo: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani usikikunje na kukitupa kwenye maranda. Kinapata joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto usiku bila kiberiti. Kitandaze nje mpaka kikauke kiwe kigumu.

Ikigoma

*Imesimama kwa miguu mitatu.* Kwanza hamisha meza sehemu nyingine ya chumba. Mara nyingi kosa ni la sakafu. Ikiendelea, weka kabari chini ya mguu mfupi mpaka pimamaji itulie pande zote mbili. Chukua kipande cha mbao chenye unene unaozidi kidogo lile pengo, kilaze sakafuni, na kwa kutumia uso wake wa juu zungushia alama ya penseli kwenye miguu yote minne. Kata kwenye alama. Usikate mguu mmoja kwa kukisia. Hivyo ndivyo meza za watu wazima zinavyoishia kuwa vigoda.

*Inacheza kushoto na kulia.* Kaza bolti kwanza. Mbao hunywea, na karibu kila meza mpya inataka kukazwa tena baada ya mwezi, kisha kiangazi kinapoingia. Isipotulia, chukua ile 2×4 iliyobaki, ikate iende kimshazari upande wa nyuma kutoka chini ya mguu mmoja hadi juu ya mwingine, ifunge kwa bolti. Ungekuwa unafanya kazi nzito tokea mwanzo, ningekwambia uiweke leo.

*Haichezi lakini inatembea.* Kata vipande vya tairi kuukuu au soli za kandambili, vipigilie chini ya miguu kwa vijimsumari vifupi. Haya, msumari nimeuruhusu. Mpira unazuia kuteleza na unaikinga miguu na unyevu wa sakafu.

*Bolti inazunguka pamoja na nati.* Shika kichwa kwa spana ya pili. Ikiwa ni ile bolti ya kichwa cha mviringo na tundu limeshatanuka, usihangaike nayo, ibadilishe na ya kichwa cha pembe sita.

*Mbao moja ya juu imeinuka katikati.* Ilikuwa mbichi. Isubiri ikauke ikiwa hapohapo, miezi miwili au mitatu, ndipo uipige randa. Ukiipiga leo, ikishakauka utakuwa na bonde pale palipokuwa na kilima.

*Kuna vumbi laini la mbao chini ya mguu.* Wadudu wanaotoboa mbao. Tia dawa ya wadudu kwenye matundu kwa bomba la sindano, na kagua mbao zako nyingine za akiba, maana huenda ndiko walikotoka. Ukiona mikondo ya udongo ikipanda mguuni, hao ni mchwa: bomoa mikondo hiyo, safisha, na uisogeze meza mbali na ukuta kiasi cha kiganja kupita ili uwaone wakijaribu tena.